Fungua faili kwanza, msamaha utafuata

Huku Ohio, Marekani, ninakoishi, mzazi ambaye mwanawe ameumizwa chuoni na wenzake kwa kisingizio cha kumkaribisha ana haki moja ninayowatakia wazazi wa kwetu Uganda, kuanzia Tororo hadi Arua, kuliko hata fidia. Ana haki ya kuambiwa kilichotokea. Wakili wake anaweza kumwita kijana aliyekuwa chumbani usiku ule, akaapishwa, akaulizwa nani alileta chupa, nani alifunga mlango, nani alisema daktari asiitwe. Uganda mzazi huombwa asamehe kabla hajajua anasamehe nini.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu aliingia Senior One, mwaka wa kwanza wa sekondari, katika shule ya bweni mashariki mwa nchi. Wiki ya kwanza, taa zilipozimwa, wakubwa waliwaamsha njuka, yaani wanafunzi wapya, wote, wakawapigisha magoti kwenye saruji na kuwachapa makofi kwa zamu. Asubuhi mtoto alikuwa hasikii kwa sikio moja. Dada yangu alipofika shuleni alikuta mwalimu mkuu ameshaita watu: mjumbe wa kamati ya wazazi, mzee mmoja anayeheshimika mjini, na baba wa mmoja wa vijana waliopiga. Wote walikuwa wapole. Walimpa chai. Shule ingelipa hospitali, karo ya muhula ingerudishwa, na palikuwa na karatasi moja ya kutia sahihi. Mzee akamwambia, "Mama, hawa wote ni watoto wetu, tusiwaharibie maisha." Akatia sahihi. Jioni akanipigia simu: "Kaka, hata majina yao sikupewa."

Simlaumu dada yangu hata kidogo. Mtoto alikuwa bado anahitaji shule, shule ile ndiyo ingemsajili kwa mtihani wa taifa wa UNEB, na mama aliyefunga safari peke yake kwa teksi hawezi kukaa mbele ya wanaume wanne wenye vyeo akawaambia hapana. Hasira yangu ni kwa utaratibu mzima: kikao kilikuwa tayari kabla mama hajafika, karatasi imeshachapwa, wala afande mmoja hakupigiwa simu.

Sasa nisije nikaeleweka kwamba Marekani ni peponi. Vijana wanakufa huku, na wanakufa kwa upuuzi. Vyuo vina vyama vya udugu vya wanafunzi, vyenye nyumba zao na majina ya herufi za Kigiriki, na anayetaka kujiunga hupitishwa kwenye majaribio ambayo mara nyingi ni pombe. Februari 2017, katika chuo kikuu cha Penn State, kijana wa miaka 19 aitwaye Timothy Piazza alinyweshwa vinywaji 18 kwa muda wa dakika 82, akaanguka ngazini, akaachwa kwa muda wa karibu saa 12 kabla ya msaada kuitwa. Machi 2021, hapa hapa Ohio, mwanafunzi wa miaka 20 wa chuo kikuu cha Bowling Green, Stone Foltz, alitakiwa kumaliza chupa nzima ya pombe kali usiku mmoja. Alifariki siku tatu baadaye. Hata bendi za muziki hazikusalimika: Novemba 2011 Robert Champion, kiongozi wa bendi ya chuo kikuu cha Florida A&M, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi, alipigwa na wenzake ndani ya basi mjini Orlando hadi akafa.

Tofauti inaanzia kwenye mambo yaliyofuata. Katika kifo cha Champion, mmoja wa wanabendi alihukumiwa mwaka 2015 kifungo cha zaidi ya miaka 6. Familia ya Foltz ilikishtaki chuo chenyewe, na Januari 2023 chuo kikakubali kulipa dola milioni 2.9. Wazazi wa Piazza walipigania sheria ya jimbo la Pennsylvania, kilipo Penn State, inayobeba jina la mtoto wao, ikatiwa sahihi Oktoba 2018. Ohio nayo ilipitisha yake mwaka 2021, ikabeba jina la Collin, kijana mwingine aliyekufa akijaribu kuingia kwenye chama. Kwa sheria hiyo, kumlazimisha mtu kunywa pombe au kutumia dawa hadi akadhurika vibaya ni kosa kubwa la jinai, na mfanyakazi wa chuo anayejua jambo akanyamaza naye ana kesi. Kila moja ya sheria hizi imeandikwa juu ya kaburi la mtoto wa mtu. Nasi tusisubiri makaburi.

Kuna kifungu kimoja cha sheria ya Ohio ninachokipenda kuliko vyote. Aliyetendewa uonevu wa namna hii anaweza kudai fidia mahakama ya madai, kwa waliomtenda na hata kwa chuo kama kilijua au kilipaswa kujua, na sheria inasema wazi kwamba kukubali kwake si utetezi. Fikiria uzito wake. Mara ngapi tumesikia kwetu, "lakini hata yeye alikubali, hakukataa, hakupiga kelele"? Mtoto wa miaka 13 aliyezungukwa na wavulana kumi usiku wa manane anakataaje? Na kijana wa miaka 19 ambaye ameambiwa kwamba bila chupa hii hana marafiki chuo kizima, ukubali wake una maana gani?

Mawakili wa huku kitu cha kwanza wanachofanya ni kuandika barua kwa chuo na kwa chama: msifute chochote. Ujumbe wa simu, picha, video za kamera, orodha ya waliokuwepo, vyote vibaki kama vilivyo. Katika kesi ya Piazza ni kamera za ndani ya nyumba ya chama zilizoonyesha usiku mzima ulivyokwenda, saa kwa saa. Bila hizo tungebaki na hadithi za vijana waliokwisha kupatana nini cha kusema. Na familia isiyo na kitu haizuiwi na ada, kwa sababu wakili wa madai huku kwa kawaida hulipwa sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi, na akishindwa halipwi. Kwetu kanuni za maadili ya mawakili zinakataza mapatano ya kugawana fidia kwa asilimia. Najua sababu ya katazo hilo, lakini muuza nyanya wa Malaba anabaki nje ya mlango wa mahakama.

Hata hivyo, msiniambie Uganda haina sheria. Hilo ndilo linalosemwa kwenye vikao vya chai, na si kweli.

Mwaka 2012 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kukataza Utesaji. Watu wengi wanadhani inahusu askari na vyumba vya mahabusu tu. Isomeni. Inamgusa pia mtu binafsi anayemsababishia mwenzake maumivu makali, ya mwili au ya akili, kwa makusudi, kwa lengo kama vile kumwadhibu, kumtisha au kumlazimisha kufanya jambo. Adhabu yake inafika miaka 15 jela. Kuwapigisha watoto magoti usiku na kuwachapa ili "wajifunze heshima" kunatofautianaje na hayo? Sijaona mwendesha mashtaka akiitumia kwa bweni la shule, na ningependa kumwona wa kwanza. Juu yake kuna Katiba ya 1995, ibara ya 24 inayokataza mateso na udhalilishaji, na ibara ya 44 inayosema haki hiyo haiondolewi kwa hali yoyote. Kuna Kanuni ya Adhabu yenye makosa ya shambulio, kudhuru vibaya na kuua bila kukusudia. Kuna Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019, inayokuruhusu kwenda mahakamani hata kwa niaba ya mwingine.

Wengine watasema wapigaji ni watoto pia. Ni kweli, wengi wako chini ya miaka 18, na Sheria ya Watoto inawapeleka kwenye Mahakama ya Familia na Watoto, ambako lengo ni kuwarekebisha. Kuanzia miaka 12 mtoto anaweza kuwajibika kwa jinai. Kwa hiyo ule woga wa kumtupa kijana wa watu gerezani na wauaji unatiwa chumvi. Zaidi ya hapo, mpigaji akiwa mtoto, mtu mzima aliyemwacha bila usimamizi saa nane za usiku yuko wapi? Shule ya bweni inapompokea mtoto inachukua nafasi ya mzazi, na ikizembea inaweza kudaiwa yenyewe. Ikiwa ni ya serikali, anayeshtakiwa anaweza kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hapo muda ni miaka 2 tu kwa madai ya aina hii. Kwa majeraha mengine ya mwili ni miaka 3. Mtoto akifariki kuna utaratibu wake wa madai ya familia, na kukawia ni hatari, kwa hiyo mwoneni wakili kabla matanga hayajaisha.

Nizungumzie mazishi, maana hapa ndipo ushahidi wetu unapozikwa. Waislamu wa Bombo na wa Arua tunataka kumzika maiti siku hiyo hiyo, na Wakristo nao hawapendi mwana wao apasuliwe. Naelewa, nimelelewa humo. Lakini kifo cha shuleni kisichoeleweka kinahitaji daktari wa polisi na Fomu 48 ya uchunguzi wa maiti. Maiti ikishaingia kaburini, kuitoa kunahitaji amri ya mahakama, na ni familia chache zitakazovumilia uchungu huo mara ya pili. Ombeni masheikh na mapadri walisemee jambo hili wazi: kuchelewesha maziko kwa siku moja ili ukweli ujulikane si kumvunjia marehemu heshima.

Kwa aliyeumizwa akabaki hai, fomu ya polisi ni namba 3. Nenda kituo cha polisi kabla ya kwenda kwenye kikao chochote, andikisha, udai namba ya SD, yaani ya daftari la matukio la kituo, na faili la jinai likifunguliwa, namba ya CRB, yaani ya daftari la kesi za jinai. Piga picha majeraha. Ziandike kauli za mtoto siku hiyo hiyo kwa lugha aliyozungumza yeye, kwa maana baada ya wiki ataanza kurudia maneno ya watu wazima. Polisi wakilala, sheria ya mahakama za mahakimu inamruhusu raia kupeleka malalamiko ya jinai mbele ya hakimu mwenyewe, ingawa Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuichukua kesi. Kuna pia Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, yenye ofisi Arua, Gulu, Soroti, Jinja, Mbarara na kwingineko. Kulalamika huko hakuna ada, na baraza lake lina uwezo wa kuamuru fidia. Kwa wakili wa bure kuna Justice Centres Uganda, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, kwa akina mama.

Na wazee wetu? Siwadharau. Kuna kitu nimekikosa huku: Mmarekani anapata hundi kubwa, mara nyingine kwa sharti la kunyamaza, halafu anarudi kwenye nyumba kimya ambayo jirani haji kubisha hodi. Kwetu ukoo wa mkosaji huja na kukaa chini kwenye mkeka wa waliofiwa. Kuna uponyaji pale ambao hakimu hana. Sheria yetu yenyewe inalitambua hilo, kwani hakimu anaruhusiwa kuhimiza suluhu kwenye mashambulio madogo. Kosa likiwa kubwa mlango huo umefungwa, na kupokea chochote ili kuficha kosa kubwa ni kosa jingine. Mzee anayewaambia wazazi wa marehemu "tumalizane hapa" anawaingiza kwenye hatari bila wao kujua. Suluhu ifanyike, mbuzi achinjwe, dua isomwe, lakini faili likiwa limeshafunguliwa na majina yameshaandikwa.

Jambo la mwisho ni la Wizara ya Elimu. Desemba 2024 rais wa Marekani alitia sahihi sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vihesabu matukio ya uonevu wa wanafunzi wanaokaribishwa na kuchapisha kwa umma majina ya vyama vilivyopatikana na hatia. Mzazi anafungua tovuti na kuona. Kwetu shule hutangaza daraja la kwanza ngapi na wangapi wameenda Makerere, na kuhusu bweni hakuna neno. Wizara inaweza kuagiza kila shule na kila chuo kiandike tukio la kila mtoto aliyeumizwa na wenzake, kiripoti polisi, na kimwonyeshe daftari hilo mzazi yeyote anayeuliza. Waraka mmoja unatosha kuanza. Na wewe unayepanga sanduku la mtoto muhula ujao, uliza ofisini kabla ya kulipa karo: nani analala bweni lile, usiku simu inapigwa kwa nani, na mara ya mwisho mtoto alipoumizwa hapa mlimwita nani kwanza.