Kumbe nilikuwa nalipia kiti

Ukikaa Dodoma na hunywi pombe utaulizwa maswali matatu, tena yanakuja kwa mpangilio uleule kama salamu. La kwanza, "umeokoka?" Ukisema hapana linakuja la pili, "basi utakuwa kwenye dozi." Ukisema hapana tena, mtu anasogeza kiti karibu, anashusha sauti, anakuuliza kama nyumbani kuko salama. La nne hakuna. Hakuna anayewaza kwamba labda jamaa hataki tu, kama mwingine asivyotaka bamia.

Mi sijaokoka kwa ile maana wanayouliza (misa naenda, nakaa benchi za nyuma), siumwi, na nyumbani kuko salama. Ila hapo kwenye dozi wananigusa kidogo, maana kweli mambo yote yalianza na dozi.

Nilihamia huku 2017 na ofisi. Waliokuwepo wanakumbuka ilivyokuwa, mwaka 2016 Magufuli anatangaza serikali inahamia Dodoma watu tukajua ni hadithi ileile ya tangu 1973, tukaendelea kunywa chai, mara unaletewa barua ina jina lako. Mama watoto akabaki Dar na kazi yake na shule za watoto, mi nikapanga chumba na sebule Nkuhungu nina godoro, mtungi mdogo wa gesi na feni, eti feni, hakuna mtu aliyenitahadharisha kuhusu baridi ya huku usiku mwezi wa saba. Na tulikuwa wengi wa hivyo, watu wazima wa miaka arobaini na kitu tunaishi kama wanachuo. Saa tisa na nusu umetoka kazini, kulala ni saa nne usiku, hapo katikati kuna masaa sita na nusu na huna mtu wa kumwambia hata umeme umekatika.

Basi ukitoka unaenda baa. Sio kwamba una kiu. Unaenda kwa sababu taa zinawaka, kuna mpira kwenye tivii, kuna watu wa wizara nyingine nao wameacha familia Dar, na kuna mhudumu anayekuita kaka na anajua jina lako. "Ya moto au ya baridi?" Hilo swali kwa miaka kama minne ndo lilikuwa sauti ya kwanza ya binadamu ninayoisikia baada ya kazi ambayo haihusu faili.

Nilikuwa mlevi? Hapana, na hili nataka lieleweke maana watu wakisikia mtu kaacha pombe wanataka wasikie amelala mtaroni. Sijawahi kulala mtaroni. Nilikuwa mnywaji wa kawaida kabisa, wa bia mbili siku za kazi na nne wikiendi, Jumamosi mchana mnadani Msalato kwenye mbuzi choma, Jumapili asubuhi supu na moja ya kuzimua. Kazini nafika kwa wakati, ada za watoto nalipa.

Sasa 2021 nikang'olewa gego. Daktari akanipa dawa za wiki nzima, mojawapo metronidazole, ile wengi tunaijua kama flajili, akasema hii usichanganye na pombe, utatapika mpaka ujute, na ukimaliza usikimbilie, ongeza siku tatu. Jumla siku kumi. Nikaona kitu kidogo hicho.

Jioni ya kwanza nikatoka kazini nikafika nyumbani saa kumi na moja kasoro. Nikapika wali. Nikafua soksi. Nikaangalia saa, saa kumi na mbili na dakika tano. Nikampigia mke wangu simu, akashtuka, akaniuliza nani amefariki, maana kwa muda ule sijawahi kupiga.

Jioni ya tatu nikaenda kutembea mjini, nikakaa Nyerere Square pale, upepo wa vumbi unapiga, na hapo ndo nikaanza kujiuliza kitu ambacho sijawahi kujiuliza, hivi mi nikitaka kukaa na watu wazima wenzangu saa moja usiku, tukae wapi? Nyumbani kwa mtu? Wote tuna chumba na sebule. Kanisani kuna ratiba. Mgahawani ukimaliza kula wanaanza kufuta meza. Kiti ambacho hakuna mtu atakufukuza, chenye taa, chenye watu, kilikuwa kimoja tu, na kodi yake ni bia. Ukimaliza bia na hujaagiza nyingine, unaona mhudumu anavyokuangalia, kodi imeisha.

Nilikuwa nalipia kiti, jamani. Nikaenda mbali zaidi nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya dawa. Jioni moja ya wikiendi, bia zangu nne elfu kumi, raundi ya wenzangu elfu kumi nyingine (raundi haikwepeki, utaitwa mchoyo mpaka ofisini), nyama na ndizi kumi na mbili, boda kwenda na kurudi tatu. Elfu thelathini na tano. Mara mbili kwa wiki sabini. Kwa mwaka ni 3,640,000, na hapo sijagusa zile mbilimbili za siku za kazi. Kwa pesa hiyo ningeweza kununua viti vya ukumbi mzima.

Niseme ukweli hiyo pesa sikuiweka benki yote, msije mkaniomba mkopo. Nyingine imepotea kwenye bando, nyingine nauli za Dar maana nilianza kwenda mara nyingi zaidi. Wanaosema ukiacha pombe utajenga ghorofa wanadanganya, mi nimejenga choo na banda la kuku.

Mwenye nyumba wangu ni mzee wa Kigogo, nilimsimulia hii habari ya kiti akacheka sana. Akaniambia mwanangu, sisi huku pombe ilikuwa na msimu. Mvua za Dodoma unazijua, zinaanza Desemba hivi zinaisha Aprili, zikikataa ni njaa. Mtama na uwele ndo chakula na ndo pombe, kwa hiyo pombe ilipikwa mkivuna vizuri, au ukiwa na shamba kubwa unataka watu waje kukupalilia unawapikia, wanalima halafu wanakaa wanakunywa, ikiisha imeisha. Haikai, siku mbili tatu ishakuwa chachu hainyweki. Mwaka wa njaa hakuna pombe, nani apike chakula cha watoto? Na pombe ya mtama yenyewe ni nzito kama uji, ukinywa umeshiba.

Nimeifikiria sana hiyo kauli. Wanaosema "pombe ni utamaduni wetu tangu babu" wako sawa, ila babu alikuwa na breki tatu, nafaka, msimu na kuchacha. Bia ya kiwandani haina hata moja. Inapatikana Januari njaa ikiwa kali sawasawa na Julai ghala likiwa limejaa, iko kwenye friji, na inauzwa hata na mtoto wa shule anayemshikia mama yake duka. Utamaduni wa babu tumeuchukua nusu, ile nusu ya kunywa.

Afu kuna waini. Huwezi kuongelea pombe Dodoma ukaruka zabibu, mkoa wenyewe unajulikana kwa hiyo, mashamba ya Hombolo na Mpunguzi, kituo cha utafiti Makutupora, mavuno mara mbili kwa mwaka. Wenzangu ofisini wana msemo wao kwamba waini sio pombe, ni dawa, glasi moja jioni inasafisha moyo. Na mi niliwahi kuusema. Nikaja kusoma kwamba taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO iliiweka pombe kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988, kundi moja na tumbaku, na Januari 2023 WHO wenyewe wakatoa tamko kwamba hakuna kiwango ambacho unaweza kusema ni salama kwa afya. Sababu yake haiko kwenye zabibu wala shayiri, iko kwenye ile pombe yenyewe ya ndani, mwili ukiivunja unapitia sumu inayoitwa asetaldehaidi ambayo inaharibu vinasaba vya seli. Ini halijui kama ulikunywa waini ya elfu ishirini au gongo ya mia tano.

Sisemi wakulima wa zabibu waache, mzee mwenye nyumba ana nusu ekari na watoto wamesomea hapohapo. Na siwezi kujifanya msafi, zabibu zake nasaidia kupakia na zinakoenda napajua. Nachosema usiniambie ni dawa. Niambie unaipenda, nitakuelewa vizuri kabisa, hata mi nilikuwa naipenda. Na zabibu mbichi yenyewe ya kununua barabarani msimu ukiwa umechanganya, ile nyeusi ina vumbi unaifuta kwenye shati, hiyo hakuna chupa inayoifikia.

Kuna upande mwingine wanataka serikali ipige marufuku. Hapana. Tuliona viroba, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na mi naunga mkono kabisa maana kile kipakiti cha bei ya pipi kilikuwa kinamaliza bodaboda na wanafunzi, ila baada ya muda si vibapa, vile vichupa vidogo vya pombe kali, vikajaa madukani? Mtu anayetafuta pa kukaa au cha kusahau, ukimnyang'anya pakiti atatafuta chupa.

Na hapa nitoke nje ya mada kidogo. Haya yote naongelea mtu kama mi, wa kunywa kwa starehe. Kama wewe asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo ndo utulie, usiache ghafla kwa sababu umesoma makala ya mtu, mwili uliozoea hivyo ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege na watu hufa. Nenda hospitali uachishwe kwa utaratibu. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ipo hapahapa mjini, na jina lake lisikutishe, wanaoogopa Mirembe ni wale wanaoijua kwa matusi ya mtaani tu.

Turudi kwenye kiti. Dozi iliisha, siku kumi zikapita, wenzangu wakanisubiri. Nikaenda. Nikaagiza tangawizi. Mhudumu akaleta bia, akajua nimekosea. Nikarudisha. Jioni ile nikagundua mambo mawili, kwanza stori zetu hazikuwa nzuri kama nilivyokumbuka, kuna jamaa alisimulia habari moja ya kiwanja mara tatu na wote tukacheka mara tatu. Pili, kufika saa mbili na nusu nilikuwa nimetosheka, nataka kwenda kulala, kumbe ile hamu ya kukaa mpaka saa sita haikuwa yangu, ilikuwa ya bia. Na usingizi wenyewe, daah. Miaka yote nilikuwa najua bia inanilaza, kweli inakulaza haraka ila saa tisa usiku macho kodo unahesabu mabati. Sasa hivi nalala mpaka adhana.

Marafiki wawili nimewapoteza, sitaficha. Hatukugombana, ila nje ya baa hatukuwa na cha kuongea, ni kama watu mliokuwa mnapanda daladala moja. Waliobaki wanne, na mmoja wao ndo aliyenionyesha kitu ambacho kilikuwepo muda wote na mi napita napiga honi, kijiwe cha kahawa. Upande wa Majengo, mzee ana birika lake la mkaa, vikombe vile vidogo, kashata, benchi mbili na ubao wa drafti. Ukiwa na buku umekaa jioni nzima. Wapo mafundi, madereva, mstaafu mmoja wa mahakama anayekufunga drafti huku anakuhubiria katiba, na hakuna anayekuuliza mbona hunywi. Kete tunachezea vizibo, upande mmoja vya soda upande mwingine vya bia, mi huwa nachukua vya bia, na kila siku kuna mtu lazima aseme "huyu bado hajaacha."

Kasoro ya kijiwe ni kwamba ni cha wanaume. Mke wangu alipokuja likizo nilitaka nimpeleke mahali tukae tu jioni, nikazunguka naye mji mzima na tukaishia baa, yeye soda mi tangawizi, muziki umefunguliwa mpaka hatusikiani. Serikali imejenga barabara ya njia nne ya kuzunguka mji, mji wa serikali Mtumba umesimama, stendi mpya, soko jipya, vyote vizuri. Benchi chini ya mti na taa juu yake, hizo bado nazitafuta kwa tochi.

Sasa cha kuchekesha. Kuna send-off ya binti wa mwenzetu Jumamosi hii, ukumbi uko Kisasa, na kamati kwa kauli moja imenipa stoo ya vinywaji. Sababu, "huyu hanywi hataiba." Kwa hiyo mi ndo nakaa na funguo na daftari nahesabu kreti zikitoka na chupa zikirudi. Kwenye bajeti niliomba juisi ya ubuyu na ukwaju ndoo kumi, maana ubuyu wa huku ni wetu na bei yake ni ya kawaida, wakakata wakaniachia ndoo tatu, mwenyekiti akasema nani atakunywa juisi usiku. Nikamwambia ziishe kwanza ndo tuongee. Nimeshamwagiza mama wa juisi akae na ndoo nyingine nne tayari, pesa nitatoa mfukoni.