Hasara Peke Yake Ndiyo Iliyopona

Mjomba wangu alikuwa mhandisi wa maji hadi alipostaafu akarudi zake Morogoro kulima ndizi. Siku moja akanipigia simu. Kamati ya maji ya kijiji inataka kuvuta bomba kutoka chemchemi ya mlimani, na yeye anayo programu ya kukokotoa mambo hayo. "Niliiandika kwa mkono wangu, kwa lugha ya kompyuta ya FORTRAN 77, haijawahi kukosea." Katika ukoo mtoto wa kompyuta ni mimi. Shikamoo, marahaba, kazi ikawa yangu.

Programu ilikuja kwa basi, imechapwa kwenye yale makaratasi marefu yenye matundu pembeni, ndani ya boksi moja na ndizi mzuzu. Mistari 48. Nikaipiga chapa usiku mmoja, nikakompaili, yaani nikaigeuza iwe lugha ya mashine. Makosa yakazidi mistari yenyewe. Kumbe lugha hii ilizaliwa enzi za kadi za kutobolewa: safu ya 1 hadi ya 5 ni za namba za lebo, ya 6 ni alama ya kuendeleza mstari, amri inaanzia ya 7, na kinachovuka ya 72 hakisomwi. Mimi nilikuwa nimeanzia ukutani kabisa. Nikasogeza kila mstari nafasi sita.

Hapo ningeishia, ningekuwa mtu mwema hadi leo. Lakini nikaangalia majina aliyoyatumia mzee: D, Q, HF, XL. XL! Urefu wa bomba kaupa saizi ya fulana. Nikacheka peke yangu, nikaamua kumfanyia hisani ya kuyaweka kwa Kiswahili ili kamati nayo ielewe. XL ikawa UREFU. HF, yaani kimo cha maji kinacholiwa na msuguo, ikawa HASARA. Q, mtiririko, ikawa MTIRIR na D, kipenyo, ikawa KIPENY, kwa sababu FORTRAN 77 hairuhusu jina kuzidi herufi 6, yakanyolewa mkia. Nikakompaili tena kwa gfortran, kompaila ya FORTRAN: kimya, hata onyo moja hakuna. Nikafunga kompyuta nikalala. Kuiendesha nione inatoa nini? Imekubali, bwana, ya nini tena.

Jumamosi, ofisi ya kijiji. Mjomba kavaa kaunda suti. Fundi bomba mmoja kakaa nyuma. Tangu asubuhi anasema bomba la inchi mbili ni dogo, lakini nani amsikilize fundi siku ambayo kompyuta inakuja? Nikaingiza urefu mita 1200, kipenyo milimita 50, lita 2 kwa sekunde, na 140, namba ya ulaini wa bomba la plastiki. Nikabonyeza.

HASARA (M) =      NaN

Mwenyekiti akasogeza miwani. "Nan... nani? Inauliza nani?"

"Mwambie kamati ya maji," akasema mama mweka hazina.

Nikarudia. NaN.

"Haijasikia. Sema kwa sauti."

Jasho likaanza kunitoka. Mjomba akaivuta kompyuta upande wake, akashuka mstari kwa mstari, kidole kikasimama kwenye KIPENY. "Nani kaandika hivi?" Sasa na yeye anauliza nani.

Usipotangaza aina ya namba, FORTRAN inaangalia herufi ya kwanza ya jina. I hadi N ni namba kamili, zilizobaki ni za desimali. Na Kiswahili chetu, na ngeli zake za M na KI na N, kimejaa humo humo. Milimita 50 kugawa kwa 1000 ni 0.05, KIPENY ikatupa desimali, ikabaki 0. MTIRIR ilipewa 0.002, nayo ikabaki 0. Mwisho wa hesabu sifuri inagawiwa kwa sifuri, na kompyuta inakujibu NaN, "not a number", yaani hii si namba. Iliyopona katika majina yale ya maji ni UREFU na HASARA. Urefu haukuwa na desimali ya kupoteza, kwa hiyo kupona kwake hakuhesabiki. Ilibaki hasara.

"Wewe unafikiri kwa nini niliandika XL nisiandike L?" Sikujibu.

Nikaongeza mstari wa REAL KIPENY, MTIRIR, wa kusema hizi ni za desimali, na zile nafasi sita za mwanzo kamati nzima ikanihesabia kwa sauti. Ikatoka mita 29.53. Chemchemi iko mita 25 tu juu ya tangi. Yaani bomba la inchi mbili linakula kimo chote na bado linadai.

Fundi akakohoa kule nyuma.

Mwenyekiti akageuka. "Hivi nani alisema inchi mbili ni ndogo?"

Mweka hazina akanyooshea kidole kompyuta yangu. "Si ndicho hiyo ilichokuwa inauliza tangu saa nne?"