Iacheni ile partisheni

Mafundi wengi wa ordinatere (kompyuta) hapa Lubumbashi wanapenda kufuta. Ukiwapelekea mashini inayogoma kuwaka, hawaulizi imekwama wapi, hawaulizi una nini ndani. Wanachomeka flashi yao, wanafuta disiki nzima, wanaweka Windows ya kwao, wanadai pesa. Nimenyamaza muda mrefu, leo naandika.

Juzi ilikuwa zamu ya mtoto wa yaya wangu (mkubwa wangu wa kuzaliwa), ambaye anamaliza masomo UNILU, chuo kikuu cha hapa. Umeme ulikatika akiwa anaandika, betri ilishakufa zamani, na delestaji (mgawo wa umeme) ilipokwisha mashini ikawa inazunguka tu kwenye nembo ya HP. Akaipeleka kwa kijana mwenye meza yake Kamalondo. Nilipofika kumchukua nilikuta kazi iko katikati. Kwenye skrini kulikuwa na orodha ya partisheni, yaani sehemu ambazo disiki imegawanywa, na fundi alikuwa anachagua mstari, anabonyeza Supprimer (futa), anakubali, anashuka kwenye mstari unaofuata. Kabla sijamaliza kumuuliza anafanya nini, ukabaki mstari mmoja: Espace non alloué, yaani nafasi tupu isiyogawanywa.

“Papa, ile yote nilitosha, sasa itakuwa mupya,” akaniambia, tena kwa fahari, maana yake ameiondoa yote.

TFC ya mtoto, kazi yake ya kumalizia masomo, ilikuwa humo. Fundi mwenye flashi ya Linux, sistemu nyingine inayowaka bila kugusa disiki, angewasha mashini kwa flashi hiyo, akanakili mafaili yote nje, ndipo aguse kitu kingine.

Lakini hasira yangu kubwa ni juu ya mstari mwingine uliofutwa siku ile. Mashini ile ilitoka kiwandani na partisheni yake ya kurudishia sistemu. Haina herufi kama C au D, kwa hiyo mwenye mashini haioni, na wengi hawajui kwamba waliilipia. Ndani yake kuna Windows kama ilivyokuwa siku ya kwanza, pamoja na draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) za Wi-Fi, za sauti na za skrini zinazofaa mashini ile ile. Kwenye HP nyingi unabonyeza F11 wakati wa kuwasha. Acer ni Alt na F10, Asus ni F9, na Lenovo nyingi zina kitufe kidogo pembeni. Hapo inafunguka menyu ya kurudishia, na ukikubali mashini inajirudisha yenyewe, bila intaneti, bila flashi ya mtu. Ndiyo, ile ya kiwandani hufuta mafaili yako pia, lakini HP nyingi hukupa nafasi ya kuyanakili kwanza.

Na kabla ya kufika huko kuna njia nyepesi zaidi. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, zenyewe hufungua skrini ya matengenezo. Ikiwa bado inawaka, shikilia Shift ukibonyeza Redémarrer (washa upya). Unachagua Dépannage (matengenezo), kisha Réinitialiser ce PC (rudisha mashini hii upya), na mashini inakuuliza swali ambalo fundi wa Kamalondo hakumuuliza yule mtoto: tubakize mafaili yako au tufute vyote? Ukisema yabaki, programu ulizoongeza zitaondoka, lakini maandishi na picha zako zitakaa.

Nawaambia jambo hili linatuhusu sisi kuliko mtu wa Brussels. Yeye akipoteza partisheni, anapakua Windows upya, zaidi ya GB 4, huku akinywa kahawa. Sisi tunanunua mega za intaneti kwa kuhesabu, na umeme unaweza kwenda upakuaji ukiwa karibu kwisha. Tena baada ya kufutiwa, mara nyingi Wi-Fi haishiki kwa sababu draiva yake imeondoka. Unahitaji intaneti ili upate draiva, na unahitaji draiva ili upate intaneti. Mwanafunzi wa Katuba atatokaje hapo? Atarudi kwa fundi yule yule, atalipa tena.

Kuna na suala la leseni. Tangu Windows 8, mashini nyingi zinazotoka kiwandani na Windows zina ufunguo wake kwenye kadi-mama yenyewe, ile bodi kuu ya ndani. Ukiweka Windows ya aina ile ile, inajitambua. Mafundi wetu wanaweka Pro kwenye mashini yenye ufunguo wa Home, ufunguo unakataa, halafu wanazima antivirusi ili kraki, programu ya kuvunja leseni, ipite. Mtu aliyekuwa na Windows halali anaondoka na ya wizi, na amelipa.

Nakubali kuna pahali fundi hana namna. Disiki ikifa, partisheni inakufa nayo. Na mashini iliyotoka na Windows 7 itakurudisha kwenye Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Hapo fundi aweke nyingine, lakini amwambie mwenye mashini kwanza, na asubiri jibu. Mashini ya okazioni (iliyokwisha kutumika) pengine ilishafutwa kabla hujainunua, kwa hiyo mwombe muuzaji abonyeze kitufe chake cha kurudishia, kama F11 kwa HP, mbele yako, bila kukubali kurudisha.

Kama yako bado ina partisheni yake, usingoje igome. Tafuta flashi ya GB 32 isiyo na kitu unachokihitaji, maana itafutwa yote. Andika “lecteur de récupération” (flashi ya kurudishia) kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, weka alama kwenye kisanduku cha kunakili mafaili ya sistemu, uiache ifanye kazi. Inachukua muda, kwa hiyo ianze saa ambazo kwenu umeme huwa unakaa. Kisha andika jina la mashini juu ya flashi hiyo na uiweke mbali na begi unalotembea nalo.