Seva ya nyumbani inasoma polepole: tuzichokonoe diski au tuziache?

Jirani yangu hapa Njiro, Arusha, anapiga video za safari. Nyumbu wakianza kuzaa kule Ndutu anarudi mjini na memori kadi zimejaa, anazimwaga zote kwenye seva aliyoiunda mwenyewe: kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM gigabaiti 8, diski nne, Linux, imekaa juu ya matofali mawili chini ya ngazi. Diski zimeunganishwa kwa RAID 5, yaani data inakatwa vipande na kusambazwa kwenye diski zote pamoja na hesabu za akiba, ili diski moja ikifa kazi isipotee.

Mwezi wa pili alinipigia simu kwa furaha. "Chalii, nimeipa dawa. Inasoma gigabaiti mbili kwa sekunde!"

Dawa yenyewe ni mstari mmoja alioukopi mtandaoni: blockdev --setra 65536 /dev/md0. Mstari huo unaiambia kerneli, yaani kiini cha Linux kinachosimamia diski na RAM, kwamba mtu akianza kusoma faili kwa mfululizo, isisubiri aombe kila kipande, imtangulie kuchota. Ni kama mama ntilie anayemjua mteja wake wa saa saba, anapakua sahani kabla hujaagiza. Swali ni apakue kiasi gani. Kwa kawaida Linux huipa diski moja kilobaiti 128. Ile 65536 wengi hudhani ni kilobaiti, kumbe zinahesabiwa sekta za baiti 512. Zidisha, unapata megabaiti 32.

Wanaopenda kuchokonoa wana hoja nzito, na wanaowacheka mara nyingi hawajaipigia hesabu. Kichwa cha diski kuhama kutoka sehemu moja kwenda nyingine kinachukua kama milisekunde 8. Diski ikiwa ya mizunguko 7,200 kwa dakika, unangoja wastani wa milisekunde 4 nyingine hadi data izunguke ikifikie kichwa. Jumla 12. Diski inayosoma megabaiti 180 kwa sekunde inamaliza kilobaiti 128 kabla hata milisekunde moja haijaisha. Kwa hiyo watu wawili wakisoma mafaili tofauti kwenye diski ileile, inashinda njiani: 12 za kutembea, hata moja ya kazi haifiki. Ni sawa na kupanda kifodi hadi Soko la Kilombero, ukanunua nyanya moja, ukarudi, kisha ukapanda tena. Iruhusu ichote megabaiti 2 kila ikifika, na muda wa safari na wa kazi unakaribia kulingana. Faida hiyo ni ya kweli na haigharimu hata senti.

Ila inawahusu zaidi wenye RAID 1, diski mbili zenye nakala moja, ambako kipimo hubaki kwenye zile 128. Kwa RAID 5 Linux hujipigia hesabu yenyewe: inachukua safu nzima ya vipande vya data na kuizidisha mara mbili. Kwa jirani yangu kila kipande ni kilobaiti 512, na katika diski nne data inachukua nafasi ya diski tatu. Safu ni kilobaiti 1,536, mara mbili 3,072. Seva yake ilikuwa inachota megabaiti 3 hata kabla ya dawa. Kutoka 3 kwenda 32 hakuna la maana linaloongezeka.

Na ile gigabaiti mbili kwa sekunde? Diski nne za kuzunguka haziwezi, hata uzisukume kwa mkono. Alijaribu kwa faili la gigabaiti moja, akalisoma mara ya pili, na mara ya pili lilitoka kwenye RAM, maana kerneli huyahifadhi humo mafaili iliyotoka kuyasoma. Ukitaka kupima diski, soma faili kubwa kuliko RAM yako, au ufute kache kwanza, yaani hayo yaliyohifadhiwa kwenye RAM.

Kambi ya pili inasema usiguse kitu, walioandika kerneli wanajua kuliko wewe. Kuna uvivu kidogo ndani ya hoja hii. Zile kilobaiti 128 ni kipimo cha miaka mingi, cha kukidhi kila mtu, na kipimo cha kila mtu hakiwezi kukutosha wewe sawasawa. Lakini wako sahihi kwamba dawa ina madhara. Anayehariri video hasomi faili toka mwanzo hadi mwisho, anarukaruka: anatazama sekunde chache za simba, anaruka dakika tatu, anatazama tena. Kila akitulia kidogo kerneli inaona huyu anasoma mfululizo, inapanua uchotaji hadi inaikaribia ile 32, kisha yeye anaruka. Kilichochotwa hakina mlaji, na kimeshakula nafasi ya vitu vingine kwenye RAM ya gigabaiti 8. Picha ndogondogo haziathiriki hivyo, kwa kuwa uchotaji hauvuki mwisho wa faili.

Ushauri wa noatime, yaani kuizuia Linux isiandike saa kila faili linaposomwa, nao unasambazwa sana, ila tangu 2009 Linux imeshapunguza mzigo huo yenyewe, kinachobaki ni kidogo. Na anayekuambia uzime kinga za uandishi, zile zinazohakikisha data imefika kweli kwenye diski, ili upate spidi, mwulize kwake umeme unakatika mara ngapi kwa wiki.

Umeme ndio uliomaliza ubishi wetu. Amri ile haidumu, seva ikizima inasahaulika. Siku moja umeme ulikatika usiku, seva ikazima, asubuhi ikawaka na kipimo chake cha zamani. Jirani aliendelea na kazi wiki tatu bila kugundua kwamba dawa haipo. Nilipomwonyesha alicheka, kisha akanuna kidogo.

Hakugundua kwa sababu diski hazikuwa tatizo. Tulipotazama kwa ethtool, amri inayoonyesha spidi ya mtandao wa waya, waya kati ya seva na chumba cha kuhariria ulikuwa unapitisha megabiti 100, yaani megabaiti 12 na nusu kwa sekunde. Fundi aliupitisha chini ya mlango, na mlango ukaubana miezi yote hiyo. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya, megabiti 100 inatosheka na mbili, kwa hiyo ikikatika mojawapo ya zile mbili nyingine mtandao hauzimi. Unapunguza mwendo kimyakimya, na wewe unalaumu diski. Hata waya ukiwa mzima, gigabiti moja ni megabaiti 125 kabla ya makato, na diski moja nzuri ya leo inaweza kuujaza peke yake.

Kwa hiyo mimi naanzia kwenye waya, kisha RAM, na diski mwisho. Lakini sikai na wale wa usiguse. Seva yangu ni RAID 1, na usiku nakala ya akiba ikienda kwenye diski ya nje huku mama watoto anaangalia tamthilia na mtoto kafungua katuni, picha ilikuwa inakwama. Niliweka 2048, yaani megabaiti moja, nikaiandika kwenye kanuni za udev, ambazo Linux huzisoma kila ikiwaka, ili umeme ukikatika isipotee. Kukwama kumeisha. Sijaona sababu ya kuongeza.

Jirani tulimvutia waya mpya kupitia darini, sasa anakopi kwa megabaiti 110 na diski zake hatujazigusa. Juzi kaniuliza kadi za gigabiti 2.5 zinapatikana duka gani hapa mjini. Akizifunga, waya utabeba megabaiti kama 300, na hapo diski zake zitakuwa na la kujibu.