Matanga ya Siaya

Ijumaa nilimwambia bosi nimefiwa na mjomba kule Siaya. Jumamosi saa kumi jioni nilikuwa Kisumu, kwenye tamasha kubwa la muziki kando ya ziwa, nimefungwa bangili ya kitambaa rangi ya chungwa. Bangili hizi zina kishikizo cha plastiki chenye meno ndani. Kinakaza tu, hakirudi nyuma. Ukishaivaa ni yako mpaka upate makasi.

Utamu wa tamasha siukatai. Besi ikishuka huisikii kwa masikio, inagonga kifuani na suruali inapepea kama imeanikwa. Halafu umati wote unaimba mstari mmoja, na wewe uliyefukuzwa kwaya ya kanisa siku ya kwanza ya mazoezi unajiona msanii.

Karaha huanzia kwenye simu. Mnara uliozoea kuhudumia mtaa unavamiwa na maelfu wanaorusha video kwa pamoja. Intaneti inazimia kwanza, kisha kulipa kwa simu kunasuasua, ndiyo maana wazoefu hubeba noti, tena za hamsini na mia. Mimi na binamu yangu tulilijua hilo, tukapatana: tukipotezana, tukutane kwenye toroli ya smokie, zile soseji za barabarani, yenye mwavuli wa manjano. Hakuna aliyewaza kwamba toroli ina magurudumu. Niliifuata moja kutoka jukwaani hadi langoni, nikanunua smokie tatu ili muuzaji asinishuku, kisha nikaona nyingine yenye mwavuli uleule. Na nyingine.

Basi nikaenda mahali ambapo sitakosa kuonekana: mbele kabisa, kwenye spika za besi zinazopangwa chini ya jukwaa. Ukisimama pale umejitakia. Kwenye desibeli 85 sikio linahimili kama saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Mimi nilikaa pale muda wa saa 3. Kinga yenyewe ni vizibo vya povu: unakisokota chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unakiingiza, unakishikilia mpaka kifutuke. Mimi nilikuwa na tishu ya chooni na kidole kirefu. Tishu haizuii kelele za maana. Kazi inayoiweza ni kuingia.

Usiku mvua ya ziwa ikatushukia bila salamu. Udongo mweusi ukanila kiatu kimoja, na tishu zikalowa zikawa uji. Ya kushoto ikatoka. Ya kulia ikahamia ndani zaidi.

Asubuhi nikapanda matatu ya Nakuru, sikio la kushoto likipiga filimbi, la kulia limefunga duka. Tumeipita Ahero tu, bosi akapiga simu, bila shaka kunipa pole. Nikaweka sauti ya nje ili nimsikie, kisha nikanong'ona kwa huzuni. Kwa makadirio yangu, nilinong'ona.

"BOSI, TUMEMZIKA JANA! WATU WALIKUWA WENGI AJABU!"

Matatu nzima ikageuka. Bosi akasema jambo refu, nami nikaambulia neno "mazishi" peke yake. Nikajibu kwa unyenyekevu:

"AMINA BOSI! MANENO YAKO YAMENIFARIJI SANA!"

Sikusikia kicheko, ila niliona mabega yakitikisika mpaka kwa dereva. Mama mmoja mwenye kikapu cha omena, tuliyebanana naye kiti kimoja, aliniangalia mkononi kwa muda. Akaichukua simu yangu, akaandika polepole kwa kidole kimoja, akanirudishia:

"Anasema Jumatatu uje na kibali cha mazishi. Anauliza pia kama marehemu alikuwa deejay. Mwanangu, hiyo bangili ivue."

Nilikuwa naivuta tangu Ahero.