Siweki Dole, Naweka Sahihi

Januari 2020, siku chache kabla ya laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole kuanza kufungwa, nilimpeleka bibi yangu Nansio, kisiwani Ukerewe, akasajili laini yake. Meza ya wakala ilikuwa chini ya mwavuli, foleni ndefu, jua la saa saba. Zamu yake ilipofika, kijana wa pale mezani alimsogezea kile kimashine akamwambia, "Weka kidole, bibi." Bibi akaweka. Mashine ikakataa. Akafuta kidole kwenye kanga, akaweka tena, ikakataa. Wakajaribu vidole vyote kumi, wakavipangusa kwa kitambaa chenye maji, wakavipaka mafuta kidogo. Jembe la miaka zaidi ya sitini lilikuwa limefuta kila mstari kwenye vidole vile.

Bibi akasema, "Nipe kalamu, mjukuu wangu, nikuwekee sahihi."

Kijana hakuwa na ubaya. Alimjibu kwa adabu kabisa: "Sahihi haitakiwi, bibi. Dole tu."

Mwishowe kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikakubali, tukaondoka. Njiani Bibi hakusema neno. Jioni, tukiwa tumekaa barazani, ndipo aliponiuliza: "Hivi walitufundisha ya nini?"

Sikuwa na jibu, na sikulielewa swali lenyewe mpaka nilipoanza kufikiria dole gumba lilikuwa na maana gani kwa watu wa rika lake. Mkulima alipeleka pamba yake kwenye chama cha ushirika, akachovya dole kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, akaondoka na fedha alizoambiwa kuwa ndizo haki yake. Kuweka dole kulikuwa ni kukiri mbele za watu kwamba hujui. Mwaka 1967, kati ya kila watu wazima 100 wa nchi hii, 67 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Bibi alikuwa mmoja wao.

Kisha likaja somo la ngumbaro. Usiku wa kuamkia 1970 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa na kuutangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga kabla ya 1971 kwisha. Tayari tangu 1968 mikoa ya Ziwa ilikuwa na mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, na vitabu vyake vilihusu mambo ambayo watu walikuwa wakiyafanya kwa mikono yao kila siku: pamba, uvuvi, ng'ombe. Bibi alisoma alasiri, akitoka shamba, chini ya mwembe, na mtoto mgongoni. Mwalimu wake alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, wa umri wa mwanawe.

Aliwahi kunisimulia kuwa kusoma hakukumsumbua sana. Kilichomtoa jasho ni penseli. "Jembe unalishika kwa nguvu ndipo likusikie," alisema. "Penseli ukiishika hivyo inavunjika." Alivunja nyingi. Na hakuacha kukandamiza maisha yake yote. Barua zake ukizigeuza nyuma na kupitisha kidole, unazisikia herufi zimetokeza upande wa pili, kama zimechongwa.

Kufikia 1986 serikali ilitangaza kuwa wasiojua kusoma na kuandika wamebaki chini ya asilimia 10. Wataalamu wanaweza kuzibishia takwimu hizo, wana haki. Mimi ninachokijua ni kwamba tangu siku alipoweza kuandika jina lake, Bibi hakukubali tena kuweka dole mahali popote. Kwenye kikao cha shule, kwenye hati ya shamba, kwenye kadi ya kliniki ya watoto, alikuwa akisema maneno yaleyale: "Mimi siweki dole, naweka sahihi." Hebu litazameni neno lenyewe. Sahihi ni jina ulilolitia kwa mkono wako, na sahihi ni jambo la kweli, lisilo na kosa. Lugha yetu imeyaweka mawili hayo mahali pamoja.

Barua zake zilikuwa zikitufikia Dar es Salaam kwa meli kutoka Nansio hadi Mwanza, kisha kwa treni, wiki mbili au tatu. Ziliandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la shule, kwa sababu miaka ile ya themanini karatasi ilikuwa ya kutafuta. Nilipofika darasa la tatu baba alianza kunipa nizisome kwa sauti. "Kwa mwanangu mpendwa. Salamu nyingi kama mchanga wa ziwa. Balua hii ikukute salama. Mimi sijambo ila miguu." Balua, kwa l, ndivyo alivyoandika siku zote, kwa sababu ndivyo alivyotamka. Nikisoma neno lile nilikuwa namsikia yeye mwenyewe, sauti yake yote. Simu ya leo ingempigia mstari mwekundu chini ya neno hilo na kumbadilishia.

Wazee walisema waraka ni nusu ya kuonana. Nimewahi kudhani ni maneno ya kupamba barua tu. Baada ya Bibi kufariki tulifungua sanduku lake la bati tukakuta barua ambazo baba alikuwa akimjibu, zimefungwa kwa uzi. Unaona pale ambapo kalamu iliishiwa wino akamalizia kwa penseli. Unaona siku aliyoandika kwa haraka na siku aliyokuwa na huzuni, mistari imeshuka upande wa kulia. Mimi nina jumbe zaidi ya elfu za mama yangu kwenye simu, na ninazithamini, nimezitunza. Lakini herufi zake zinafanana na za aliyeniuzia gesi.

Sasa nitazame nyumbani kwangu. Binti yangu yuko darasa la tano. Walimu wa darasa la kwanza, wale wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), wana neno moja ninalolipenda sana: hawasemi mtoto aandike herufi, wanasema aiumbe. Anaiumba kwanza hewani kwa kidole, kisha mchangani, kisha daftarini. Yeye aliumba vizuri, nilikuwa nikikaa naye. Lakini kadiri anavyopanda madarasa ndivyo kalamu inavyopungua mkononi. Notisi zinakuja zimechapwa. Kazi ya nyumbani inakuja kwa WhatsApp kwenye simu ya mama yake. Majaribio karibu yote ni ya kuchagua A hadi E, kwa kuwa huko ndiko wanakoelekea: tangu 2012 mtihani wa kumaliza darasa la saba husahihishwa kwa mashine, na kazi kubwa ya mtahiniwa ni kusiliba, yaani kutia weusi kwa penseli, herufi ya jibu. Baadaye yaliongezwa maswali machache ya kuandika jibu, na nilifurahi. Ni machache.

Siwalaumu walimu. Mwalimu mwenye watoto mia moja na zaidi darasani akiwapa insha kila wiki, atasahihisha lini? Nimekaa kwenye vikao vya wazazi, najua. Ila tusijidanganye kwamba mtoto aliyesiliba amesema kitu. Amechagua neno lililokwisha kusemwa na mtu mwingine. Insha mbovu, yenye mwandiko kama kuku kaparua, ni ya kwake: ametafuta neno, amekosa, amefuta kwa raba hadi karatasi ikatoboka, amelipata lingine.

Wanaopima ubongo nao wameliona jambo hili. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha NTNU cha Norway walichapisha kazi waliyofanya na wanafunzi 36, waliovishwa vifaa vyenye vihisio 256 kichwani. Wanafunzi wakiandika maneno kwa mkono, sehemu mbalimbali za ubongo zilionekana kuwasiliana kwa upana zaidi kuliko wakibofya maneno hayohayo kwenye kibodi. Kabla ya hapo, 2014, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer huko Marekani walikuwa wameonyesha kuwa wanaochukua notisi kwa kompyuta huelekea kunakili maneno ya mwalimu neno kwa neno, na wa kalamu, kwa kuwa hawawezi kwenda kasi ile, hulazimika kuchuja. Wengine waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata tofauti ileile kwenye maksi, kwa hiyo sitaliegemea sana. Sihitaji kuliegemea. Yeyote aliyewahi kunakili somo zima ubaoni, mkono ukiuma, anakumbuka mpaka leo lilikuwa upande gani wa ukurasa.

Jimbo la California, baada ya miaka ya kuiachia shule iamue yenyewe, limerudisha kwa sheria mwandiko wa kuunganisha katika shule za msingi kuanzia 2024. Wenzetu wenye kompyuta kwenye kila dawati wanarudi kuchukua kalamu. Sisi tunaiacha kabla hata ya kuwa na umeme wa uhakika shuleni.

Simu ni neema, sibishi. Shangazi yangu ambaye mikono inatetemeka anazungumza na wajukuu zake kwa ujumbe wa sauti, na hakuna kalamu ambayo ingemfanyia hivyo. Ninachokikataa ni ule usemi ninaousikia kwa wazazi wenzangu, wasomi, kwamba "mwandiko wa nini siku hizi". Kina bibi zetu walikaa juani chini ya miembe kwa ajili ya mwandiko huo. Nataka mwandiko na imla virudi kupewa maksi zake kwenye ripoti ya mtoto, kama tulivyopewa sisi. Nataka insha moja ya kalamu kila wiki, hata kama mwalimu atasahihisha kumi tu kati ya mia, akibadilisha zamu. Na mzazi asingoje shule. Kaunta buku moja na kalamu mbili bei yake haifiki ya bando la wiki.

Ninasema haya kwa uchungu kwa sababu ya jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Bibi alifariki Aprili 2023. Msibani nilipewa meza ya rambirambi, kwa kuwa mimi ndiye mjukuu msomi kutoka mjini. Kazi yenyewe ni kuandika jina na kiasi, mtoaji akiwa amesimama mbele yako anaangalia. Mtu mmoja alisema niandike kwenye simu, wazee wakakataa, na walikuwa sahihi: mtu anataka kuona jina lake likiandikwa. Rambirambi pia ni deni. Aliyekuja kwako ni lazima uende kwake, na daftari ndilo linalokukumbusha.

Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Kiganja kilianza kuwaka, vidole vikakaza, nikawa naandika nusu ya jina na kuvuta mstari. Foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wamesimama juani. Baba mdogo, mwalimu mstaafu, alikuja nyuma yangu akatazama daftari kidogo, akaniwekea mkono begani. "Nipishe, mwanangu." Alikaa, akafungua ukurasa mpya, akaendelea mpaka jua linazama. Herufi zake zinaegemea kulia kidogo, zote kwa pembe moja.

Siku ya kuanua matanga orodha ilisomwa mbele ya ukoo. Kurasa za baba mdogo zilisomwa na mtoto wa darasa la sita bila kukwama. Za kwangu zilisimamisha kikao. Tulibishana kama ni 5,000 au 50,000. Majina mengine tuliyapata kwa kukumbuka nani alikuja na nani. Moja halikupatikana, mstari wa kumi na saba: shilingi 20,000, na jina linaloanza na M, kisha kitu kama a, kisha mstari wa kuvutwa. Kwa kijijini kwetu 20,000 ni fedha ya mtu aliyempenda Bibi.

Baba mdogo ameuliza kanisani, ameuliza gatini, ameuliza kwa kina mama wa kikoba alichokuwamo Bibi. Ukurasa ule niliupiga picha, ninao kwenye simu. Nikiukuza kwa vidole, ile a inakuwa kubwa kuliko kioo, na jina bado halisomeki.