Ngoma ilifika kabla yetu

Kabla hamjaisambaza tena ile video ya guta la matarumbeta kuparamia mwembe siku ya harusi, nisikilizeni na mimi mwenye guta, hiyo pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Tandiboi wangu, yaani msaidizi wangu wa safarini, ameshapita kila kijiwe kuanzia Rangi Tatu mpaka Charambe anasimulia kwamba tulikuwa tunakwenda spidi themanini, kwamba niliruka nikaacha usukani, na kwamba nililia. Themanini guta langu haliijui hata likidondoshwa kutoka ghorofani. Kuruka sikuruka, na video yenyewe ni shahidi: mimi ndiye yule wa shati la njano niliyekumbatia usukani kama mtoto anavyomkumbatia mama yake siku ya sindano. La kulia tutalikuta mbele.

Chanzo ni tairi.

Mnaoendesha guta mnajua shida ya mguu wa mbele. Nyuma kuna magurudumu mawili, mbele limebaki moja, tena jembamba, na mchanga wa mitaa yetu ya Mbagala hauna huruma. Ukibeba mifuko kumi ya saruji ukakunja kona kwenye mchanga, la mbele linazama, unashuka, unasukuma, watoto wa shule wanakuja kusaidia halafu wanadai hela. Langu mbele lilikuwa na tairi la 4.50-12, nyuma 5.00-12. Ile namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni rimu. Sasa mtu mwenye akili kama zangu akiona 12 huku na 12 kule, anajiuliza: kumbe rimu ni ile ile? Kumbe la nyuma linaingia mbele? Tofauti nusu inchi tu! Nusu inchi ni nini, jamani? Kidole cha mwisho ni kinene kuliko nusu inchi.

(Wewe uliyeandika "pole kaka" chini ya ile video halafu ukabandika vikatuni saba vya kucheka, nimekuona. Endelea kusoma.)

Dereva mwenzangu alikuwa na 5.00-12 limekaa ndani tu, kashata zake, yaani yale meno ya tairi, bado nzima. Nikalichukua kwa shilingi 30,000 na nikajiona mimi ndiye niliyemlalia. Likumbukeni jina la huyu dereva. Simtaji, lakini likumbukeni.

Fundi pancha alipolivalisha kwenye rimu alilitazama kwa muda. Akasema, "Mjomba, haya matairi yakiongezeka upana yanaongezeka na kimo. Litagusa madigadi." Nikamwambia kama ni madigadi, tuipandishe. Akasema ikipandishwa haitashuka na kupanda pamoja na gurudumu, itakuwa imekaa kule juu tu, na shokapu zikibonyea tairi litaifuata. Nikamwambia, fundi, wewe ziba pancha, mambo ya ubunifu niachie. Maneno hayo nimeyatamka kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili na mbuzi.

Basi madigadi ikapandishwa kwa vipande vya chuma vilivyokunjwa, ikafungwa kwa bolti mbili ndefu, ncha zimetazama chini moja kwa moja kwenye tairi. Fundi alishachukua msumeno wa chuma azikate. Nikamwambia ziache, nina haraka. Nikapitisha kidole kati ya bolti na tairi: kinapita. Guta halina mzigo, limesimama, mahali tambarare, na mimi nimeridhika kwa sababu kidole kimepita.

Ila lilipendeza! Hilo hata maadui zangu wanakubali. Mbele lilikuwa limenenepa, limekaa kama dume la ng'ombe. Usukani ulikuwa mzito kidogo, nikasema ndiyo uzito wa hadhi. Nikapiga picha nne.

Jumamosi ile ikaja kazi. Kikundi cha matarumbeta kilikuwa kinamsindikiza bwana harusi kwenda kwa kina bibi harusi, na kirikuu yao, kile kigari kidogo cha mizigo, ikawafia njiani. Wakatafuta usafiri wa haraka, tandiboi wangu kwa kimbelembele akasema, "Bosi ana guta la tairi pana." Najua guta ni la mizigo na watu si mizigo. Askari kama unasoma, mimi nilihesabu vyombo, sikuhesabu watu: tarumbeta tatu, tromboni moja, ngoma ndogo mbili, na ngoma kubwa moja, ile ya kupigwa ubavuni kwa rungu lenye kitambaa. Kila chombo kilikuja na mtu wake, sasa mimi ningefanyaje?

Tukatoka, matarumbeta juu, gari la bwana harusi nyuma yetu na mpiga video ametoa nusu ya mwili dirishani. Njia nzima nilikuwa nasikia kitu kinalia chwii, chwii, chwii. Nikadhani ni yule kijana wa tarumbeta ya tatu, maana alionekana mgeni kwenye kazi. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua, nikasema kuna mtu anachoma taka. Watu wa mtaani wanapunga mikono, nami napunga. Kwa mara ya kwanza tangu ninunue guta hili nilijisikia kama mtu anayepokelewa.

Sasa twendeni polepole hapa, kwa sababu na tukio lenyewe lilikwenda polepole.

Kuelekea kwa kina bibi harusi kuna mteremko. Chini ya mteremko njia inakata kulia, inateremka tena kidogo, unaiona nyumba: maturubai, viti vya plastiki, akina mama wamevaa sare, kanga zimetandikwa chini kuanzia njiani mpaka barazani ili bwana harusi akanyage. Usipokata kulia, mbele yako kuna mwembe. Chini ya mwembe kuna benchi. Kwenye benchi wapo wazee wanne, na drafti.

Nikaanza kushuka. Gia ya pili, mwendo wa heshima. Kona ikakaribia, nikakanyaga breki.

Uzito wa kikundi kizima ukaja mbele. Shokapu zikabonyea. Tairi likapanda juu, kama fundi alivyosema, likakutana na zile bolti mbili, kama fundi alivyosema, na nikasikia sauti moja fupi: kkhah! Chwii ikanyamaza. Ndipo nilipojua kwamba kijana wa tarumbeta ya tatu hakuwa na kosa lolote.

Gurudumu la mbele likagoma kuzunguka. Nikakata usukani kulia. Usukani ukakubali, ukaenda kulia. Tairi nalo likaenda kulia, nililiona kwa macho yangu, limetazama kulia kabisa. Guta likaenda mbele. Kumbe gurudumu lisilozunguka halina mwelekeo, linaburuzwa tu; lilikuwa linachimba mchanga kama jembe la ng'ombe, linaacha mfereji mpana, mzuri, wa inchi tano.

Nikatazama spidomita. Na hapa ndipo naomba mwenye nia ya kusema themanini asogee karibu. Spidomita ya guta langu inachukua mwendo kwenye gurudumu la mbele. Gurudumu limekwama, kwa hiyo mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Kwa kipimo halali tulikuwa tumesimama. Nilikaa pale juu natazama sifuri, natazama mwembe unakuja, natazama sifuri.

Wala haukuja kwa kasi, na hilo ndilo linaloniuma. Ingekuwa ajali ya kasi mtu ungefumba macho, ukayafumbua yameisha. Sisi tulikwenda mwendo wa bibi harusi anaingia ukumbini. Kila mtu alipata nafasi ya kunitazama usoni. Nikapiga honi. Matarumbeta wakadhani honi ni sehemu ya shangwe, wakapandisha sauti.

Mzee wa kwanza alisimama, akatikisa kanzu, akachukua kofia yake benchini. Mzee wa pili alichukua fimbo, akarudi kuchukua na kikombe cha kahawa. Wa tatu alikuwa amebakiza hatua moja apate kingi. Yule hakusimama. Alininyooshea kiganja, kama unavyomzuia mtoto asikanyage sahani, akasema, "Subiri."

Nikasema, "Mzee, siwezi."

Akatazama vizibo, akanitazama mimi, akatazama vizibo. Akasogeza kizibo chake, akakipindua, akasema "Kingi," ndipo akanyanyua ubao wote kwa mikono miwili kama sinia la vitafunio na akaondoka nao hatua tatu bila kizibo kuanguka. Wa nne, aliyekuwa anafungwa, alimfuata analalamika kwamba hatua ile haihesabiwi kwa sababu kulikuwa na guta.

Tukaingia kwenye benchi. Benchi likasogea. Tukaingia kwenye mwembe: pwaa. Kishindo cha mtu kuweka ndoo ya maji chini, si zaidi. Tarumbeta zikakata zote kwa pamoja isipokuwa ya tatu, ambaye alimalizia noti yake. Kijana ana kipaji, nilimkosea.

Mpiga ngoma kubwa alikuwa amekaa mwisho kabisa, ngoma ameipakata. Guta liliposimama akahitaji kushika bomba kwa mikono miwili, na mtu ana mikono miwili tu. Ngoma ikashuka nyuma ya guta. Ikatua kwa ukingo wake, ikayumba, ikasimama. Kisha ikaanza kuviringika.

Ndilo gurudumu pekee lililokuwa linazunguka vizuri jioni ile.

Ilipita ubavuni mwangu nikiwa bado nimekumbatia usukani. Ilikuwa haina haraka. Ilipofika kwenye kona nikasema moyoni, itakuja tu hapa mwembeni, itajua machungu yangu. Ikainama kidogo upande wa kulia, ikakata kona. Kona ile ile! Bila dereva, bila breki, bila tairi pana, ikakata kona na kuteremka kwa kina bibi harusi huku ikigonga kila jiwe: du, du, dudu, du.

Akina mama kule chini hawakuwa wameona chochote, walisikia ngoma tu. Wakajua msafara umefika. Vigelegele vikalipuka! Ngoma ikaingia peke yake katikati ya mistari miwili ya sare, ikapanda juu ya kanga zilizotandikwa kwa ajili ya bwana harusi, ikaenda nazo mpaka karibu na baraza, ikazunguka pale pale mara mbili na kulala. Kuna mama alikuwa ameshaanza kuirushia mchele.

Sisi tukafika baadaye, kwa miguu.

Mzee wa kingi alirudi mwembeni, akaweka ubao wake, akaja kulizunguka guta lote taratibu. Akaniuliza kwa upole, "Kijana, huna breki?"

Nikamjibu, "Ninazo mzee. Ndizo zilizotuleta hapa."

Yaliyobaki ni mafupi. Hakuna aliyeumia. Tromboni ilipinda ule mrija wake wa kuvuta, nimelipa. Benchi nimelipigilia misumari. Bwana harusi alishuka garini akakanyaga kanga zilizobaki. Bolti zilikatwa pale pale na kijana mmoja mwenye msumeno, dakika tatu, dakika zile zile nilizomnyima fundi. Fundi nimemwomba radhi. Alisema "usijali mjomba" kwa namna ambayo ingekuwa nafuu angenitukana.

Ndiyo, la kulia. Nililia, lakini kidogo, tena wala si mwembeni. Nilikuwa nimejificha nyuma ya turubai nasubiri vijana wanisaidie kulivuta guta, mama wa bibi harusi akanifuata mwenyewe na glasi ya juisi ya ukwaju. Akaniambia, "Pole mwanangu, kunywa. Umepiga ngoma vizuri sana." Mtu usingelia? Nikanywa. Sikumsahihisha, na tandiboi naye, kati ya yote anayoyasambaza, hili halijui, kwa hiyo mkimsikia analisimulia mjue amesoma hapa.

Mbele nimerudisha 4.50 yangu. Kijiweni sasa naitwa Bwana Pana, nimeshaanza kuitika. Lile tairi linauzwa, kashata nzima, lina alama mbili ndogo za bolti. Wa kwanza kuulizia bei ni yule yule dereva aliyeniuzia. Anasema lina historia, atanipa 10,000.